Ugali Katika Shairi la Mama Mchungaji

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Sikonge, akina mama wa kanisani walinipa kazi ya kutunga shairi la kumsifu mke wa mchungaji wetu. Walinichagua mimi kwa kuwa nilifundisha elimu ya watu wazima, wakadhani mwenye chaki hakosi vina. Shairi lingesomwa Jumapili ya wanawake, na mwenyewe hakutakiwa kujua, maana hakupenda kusifiwa. Ukimwambia ahsante, anakuuliza kama umeshateka maji.

Nilisaidiwa na jirani yangu, mwimbaji wa sauti nene kwenye kwaya. Tulitunga tukilima tumbaku ya kijiji. Mistari miwili ilikuja upesi:

*Jogoo akishawika, jembe lako halilali,*
*Mgonjwa akitajika, hujali kwake ni mbali.*

Wa tatu ukagoma. Tulikuwa na "Wageni wakifurika", basi. Jirani yangu alitaka tumalizie na asali, kwa kuwa kwetu kila kizuri husifiwa kwa asali. Tulibishana hadi tukaacha kulima, na mama mchungaji, aliyekuwa akilima tuta la pembeni, akatujia na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona majembe yamesimama?"

Jirani yangu akaropoka kwamba tunamtungia shairi mke wa mchungaji wa kule Usinge. Nikainama kung'oa majani ili nisicheke. Mama akataka kusikia, nikamsomea.

"Huyo mwanamke ana kazi," akasema. "Wageni wanakula nini kwake?"

"Tunataka kuweka asali, mama."

"Asali ya wapi? Wageni wakijaa, mke wa mchungaji anasonga ugali mpaka mabega yanawaka moto. Wekeni ugali." Akahesabu silabi kwa vidole. "Huwapa wote ugali. Inaenea. Na msije mkalisoma kama mnaita mnada."

Akarudi kwenye tuta lake. Sisi tulikaa chini katikati ya tumbaku, tumeshikana mikono, machozi ya kicheko yakitutoka. Kila tukijaribu kuinuka, mmoja ananong'ona "ugali" na tunaketi tena.

Jumapili ilipofika, kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Tukasimama mbele, nikaanza kusoma. Kwenye jogoo, mama mchungaji alitulia tu. Kwenye mgonjwa akatikisa kichwa kwa heshima, kama anayesikia habari za mtu anayemfahamu kwa mbali. Nilipofika kwenye ugali, alifunika mdomo kwa kitenge. Ndipo tukamgeukia, tukapiga goti na kumalizia pamoja:

*Mama mchungaji shika, pongezi zetu kubali.*

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mchungaji, akidhani mkewe analia, akampelekea leso, na hapo kicheko kikamponyoka mama wa watu, kikaenea benchi hadi benchi. Hata wazee wa kanisa, ambao kwa kawaida hawacheki kabla ya sadaka, walikuwa wanajipangusa macho. Mama akasimama, akangoja tunyamaze, kisha akatujibu papo hapo, bila karatasi:

*Mtegoni nimefika, kwa ulimi usojali,*
*Jumatatu tutashika, majembe yetu makali.*

Vigelegele vilipigwa mpaka mchungaji akasahau alikuwa amefika wapi katika ibada.

Tangu wiki ile kila mwanamke alitaka ubeti wake. Tulimtungia anayefua vitambaa vya madhabahu, tukamtungia anayewabeba watoto wa wenzake wakati wa mahubiri. Nilikuwa natembea njiani nikihesabu mizani kwa sauti, na watu wakinipisha. Bibi mmoja mjane, kiongozi wa maombi, alilisikiliza shairi lake hadi mwisho.

"Ni zuri, mwanangu," akasema. "Lakini fupi. Mimi nimeomba miaka mingi."

Tukamwongezea. Akarudi kesho yake, akasema bado.