Ng'ombe wa Kaka Magesa Walivyoota Mstari Mweupe

Leo nacheka, lakini wiki ile hata kupita sokoni Mwigobero nilikuwa naogopa, maana aibu niliyoipata Butiama ilifika Musoma kabla yangu, na kinachoniudhi mpaka kesho ni kwamba hakuna aliyenituma, nilijitakia mwenyewe.

Nina studio ya picha Kitaji, hapa Musoma. Kaka yangu Magesa, mfugaji kule Bunda, alipata mchumba Butiama, na kwa desturi wazee wa binti huja kwanza kuwaona ng'ombe wa mahari kwa macho yao. Sasa baba wa binti, Mzee Wambura, alikuwa amevimba mguu, safari haiwezi, akasema basi tumpelekee picha, na iwe kubwa kwa sababu kwenye simu haoni. Magesa akawapiga picha ng'ombe kwa simu yake, akanitumia, kikanifikia kipicha kidogo kama stempu. (Mwenye akili angemwambia apige upya. Mimi nikasema, "Niachie mimi, hiyo ndiyo kazi yangu." Mdomo huu!)

Nikaikuza ikafika ukubwa wa mlango wa kabati, ikawa ukungu mtupu, ng'ombe hawana macho. Nikaongeza ukali kidogo, yaani kuzikoleza kingo kwa kompyuta zionekane wazi, ikapendeza, nikaongeza tena, ikapendeza zaidi, basi nikasukuma mpaka mwisho. Ukali ukizidi, kingo za kila kitu zinaota mstari mweupe unaong'aa, na hilo nalijua, wenzangu nawasemaga kila siku, lakini kwenye kompyuta yangu ndogo sikuuona na haraka ilikuwa nyingi, nikachapa, nikakunja, nikaondoka na baba mdogo aliyekuwa msemaji wetu.

Sebuleni kwa Mzee Wambura, ukoo mzima umekaa, nikakunjua. Jamani! Kila ng'ombe amezungushiwa weupe kuanzia pembe hadi kwato, kama amekatwa kwa mkasi akagandishwa kwenye majani.

Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole polepole kwenye mgongo wa dume aliyekuwa mbele pichani.

"Hizi ng'ombe zimetolewa kwingine zikabandikwa hapa."

"Hapana, baba, ni ukali wa picha tu. Ilikuwa ndogo, nikaikuza."

"Kwa hiyo umeitengeneza?"

Ungejibu nini wewe? "Kidogo," nikasema. Baba mdogo akafumba macho.

"Na huyo kaka yako, ng'ombe anazo, au nazo umemtengenezea kidogo?"

Wakaangua kicheko, wote isipokuwa bibi harusi mtarajiwa, ambaye alibeba sinia lake la chai akarudi nalo jikoni bila kutuangalia. Nikatoa simu nimwonyeshe mzee picha yenyewe, akaisukuma kwa mkono. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana tapeli, mpaka baba mdogo akaninong'oneza ninyamaze. Tukaondoka posa imesimama, na Magesa akanipigia: "Dada, mimi ng'ombe ninazo. Wewe ndiye umenifanya sina." Nililia, sitaficha. Kaka amefuga miaka yote hiyo kwa ajili ya siku hiyo, halafu mimi nimemharibia kwa ufundi wangu wa kujidai.

Siku ya nne Mzee Wambura akakodi gari, na mguu wake vilevile umevimba, akashuka Bunda bila taarifa na ndugu zake wawili. Tukaitwa, mimi na baba mdogo. Akajikokota na fimbo mpaka katikati ya ng'ombe, majirani wamejaa, akampapasa yule dume mgongoni, akampapasa na tumboni, akatazama kiganja chake kama kuna rangi.

"Mstari haupo," akatangaza. Majirani wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kisha akanigeukia. "Ng'ombe nimezikubali, na binti yangu ataolewa hapa. Ila wewe, mwanangu, siku ya harusi njoo ule. Kamera iache kwenu."

Nikaitikia, "Sawa, baba."

Tangu hapo, mtu akileta picha ndogo akitaka kubwa namwambia akapige nyingine, na asipoweza, naikuza kwa hatua, ukali naongeza punje tu, nachapa kipande kwanza nikakiangalie nje kwenye jua, na ukungu ukibaki ubaki, sigusi tena. Harusini nilikula kweli, nilikula sana, huku mpiga picha mmoja wa Bunda nisiyemjua akinipanga pamoja na ukoo na kuniambia, "Dada, sogea kidogo, halafu tabasamu."