Ng'ombe Wenye Masikio Mazima

Vishikwambi vya shule yetu hapa Kitengela vilikuwa vya wageni. Ndivyo mwalimu mkuu alivyoniambia nilipomwomba ufunguo wa stoo muhula wangu wa kwanza. "Mwalimu, hizo ni za wageni. Watoto wataharibu." Mgeni akija, vilitolewa, vikapanguswa vumbi, watoto wakapigwa picha wakiwa wameviinamia, kisha vikarudishwa na kufuli likabanwa. Kwetu magharibi mama alikuwa na vikombe vya namna hiyo kabatini, na hata yeye Krismasi alituruhusu kuvinywea.

Nikamsumbua. Kila asubuhi nikisaini kitabu cha kufika kazini, niliuliza ufunguo. Mwishowe akachoka nami. "Chukua. Lakini siku ya wageni ukiniaibisha, zinarudi stoo, na zitakaa huko mpaka nistaafu."

Gredi ya sita walijua kuvitumia kabla ya mapumziko ya saa nne. Kilichonitesa ni kwamba waliamini kila kitu. Waliandika neno, wakabofya jibu la kwanza, wakanakili lote. Mmoja aliniletea kazi kuhusu mmomonyoko wa udongo yenye tangazo la viatu katikati. Nikawafundisha kuuliza nani amesema, alisema lini, na nani mwingine anasema hivyo. Wakaendelea kunakili.

Aliyewaelewesha ni msichana wa dawati la nyuma, ambaye babu yake anafuga upande wa Oltepesi. "Ni kama ng'ombe imepotea," aliwaambia wenzake. "Unaangalia masikio kwanza. Kila watu wako na vile wanakata. Ukipata haina alama, huwezi sema ni ya fulani. Unaenda kuuliza." Tangu siku hiyo, ukurasa usio na mwandishi ukawa ng'ombe asiye na alama. Nikaacha maneno yangu ya chuoni, nikatumia ya kwake.

Siku ya wageni ikafika. Mgeni wa heshima, afisa wa elimu, aliunganisha simu yake na projekta ili atuhutubie kuhusu ukame. Ukutani ikatokea picha ya mizoga ya ng'ombe. "Hii ni hapa hapa Kajiado," akasema, "wiki iliyopita. Nimetumiwa jana." Watu wazima wakasikitika kwa sauti. Msichana wangu akainua mkono.

"Samahani sir. Hizo ng'ombe masikio hazijakatwa, hata moja. Naweza tafuta hiyo picha?"

Afisa akacheka, akamruhusu. Msichana akaupiga ukuta picha kwa kishikwambi, akaitafuta jinsi tulivyojifunza, na kabla mgeni hajamaliza chupa yake ya maji akatusomea. Picha ilikuwa ya nchi nyingine, tena ilipigwa kabla msichana mwenyewe hajaanza shule. "Ukame iko," akaongeza kwa upole. "Hata kwetu ng'ombe zimekufa. Lakini si hizi."

Sijawahi kumwonea fahari mtoto kama siku ile. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama viatu vyake.

Wageni walipoondoka, aliniita ofisini. Jumatatu msichana angeomba msamaha mbele ya shule nzima kwenye paredi, la sivyo vishikwambi virudi stoo.

"Amemwaibisha mgeni," akasema.

"Amemsahihisha."

"Mtoto hasahihishi mtu mzima, Mwalimu."

Nilimweleza msichana yote, maana lilikuwa jambo lake. "Nitaomba tu, Ticha. Ndio wengine wasikose."

Hapo nilipandwa na hasira ambayo haijaniisha mpaka leo. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa tayari kuukana ukweli wake ili wenzake wapate kusoma, na sisi watu wazima tuliita hiyo nidhamu! Nikamwambia haombi msamaha kwa kusema kweli, si akiwa darasani kwangu. Jumatatu alfajiri nilivibeba vishikwambi mwenyewe, nikavipanga kwenye meza ya mwalimu mkuu, nikaweka ufunguo juu yake. Nililia njiani kurudi darasani. Sikujuta.

Tukaendelea bila vishikwambi. Watoto walileta magazeti ya kufungia nyama, maboksi ya dawa ya kupe, mabango ya mikutano ya uponyaji waliyoyaokota barabarani baada ya mvua. Kila karatasi tuliitafuta masikio. Kilichohitaji mtandao tulikitafuta kwa simu yangu, kwa bando langu, watoto wanne wanne wakigongana vichwa juu ya kioo kilichopasuka. Walimu wenzangu waliniambia najisumbua bure. Niliwaambia waniache nijisumbue.

Katikati ya muhula, mwalimu mkuu alisimama mbele ya paredi. "Utafiti umeonyesha," akatangaza, "kwamba mtoto anayecheza mpira kila siku hafaulu mtihani. Kwa hivyo kuanzia leo hakuna mpira."

Mkono mmoja ukainuka kwenye mstari wa gredi ya sita. Haukuwa wa yule msichana. Ulikuwa wa golikipa wetu, mvulana ambaye hajawahi kujibu swali darasani.

"Utafiti ya nani, sir?"

Mkono wa pili ukainuka, kisha wa msichana wangu, kisha mstari mzima. Mwalimu mkuu akawapita wote kwa macho, akanitazama mimi, akingoja niwaamuru washushe.

Nikainua wangu.