Mluzi wa Karanga

Wivu wa Nyamai, saisi, mtunza farasi mkongwe wa Kawangware, haukuwa wa mke. Ulikuwa wa farasi, jike mwekundu aitwaye Karanga, ambaye Nyamai alimtunza tangu akiwa mtoto anayejifunza kusimama. Na leo Madam Eddah, mwenye farasi, amemkabidhi Oluoch! Oluoch wa Gatwekera, kijana ambaye juzi tu alikuwa anaogopa kwato!

"Goti lako ni baya, Nyamai," Madam alimwambia. "Huko nyuma ya lori utaanguka. Kaa mbele na dereva."

Basi tangu Nairobi, safari ya kwenda Eldoret, Nyamai alikaa mbele, shingo ikimuuma kwa kugeukageuka. Kwenye kidirisha alimwona Oluoch akilegeza kamba ili Karanga ainamishe kichwa, atoe vumbi puani. Hata hilo nani alimfundisha? Si ni mimi! Nyamai alijisemea, na roho ikazidi kumuuma.

Lakini alikuwa na lake moyoni. Karanga hagusi maji ya ugenini mpaka asikie mluzi anaopigiwa nyumbani, na mluzi huo Nyamai hakumfundisha mtu. Farasi asipokunywa safari nzima tumbo hufunga, anaweza hata kufa. Nyamai alilijua hilo vizuri. Walipoegesha Gilgil kumnywesha, bado alinyamaza. Wacha anyweshwe na huyo mpenzi wake mpya!

Oluoch akaweka ndoo. Karanga akanusa, akageuza uso. Jamani, furaha aliyokuwa nayo Nyamai! Alishuka akichechemea, ameshalamba midomo tayari kupiga mluzi, ionekane leo nani ni nani.

Kabla hajafika akasikia mluzi. Wake! Ule ule wa kupanda na kushuka, na pale mwisho unapokatika kidogo kwa sababu ya jino lililomtoka. Oluoch, mwenye meno yote kinywani, aliukata pale pale. Karanga akazamisha mdomo, akanywa.

"Umeutoa wapi?" Nyamai alifoka.

"Si kwako, mzee? Kila jioni unampigia. Nimefanya mazoezi mpaka majirani Gatwekera wamenichoka." Oluoch akacheka, kisha akamtazama. "Niko sawa ama nimekosea?"

Nyamai alitafuta kosa, hata dogo, hakuliona. Karanga alikuwa kwenye ndoo ya pili, hata sikio hakumgeuzia.

"Pale mwisho umekosea," akasema, akarudi mbele, akabamiza mlango.