Mama Aliposema Wiki Hiyo Ni Giza

Nakumbuka siku moja niliposhuka kwenye treni Kigoma baada ya siku mbili njiani, shati limejaa vumbi, nikiwa na wenzangu watatu wa kazini na furaha ya mtu aliyepanga kila kitu kwa simu. Nilikuja kumwoza mdogo wangu Leokadia. Tarehe niliichagua mimi, wikendi ya Nane Nane, kwa sababu ofisi zingefungwa na rafiki zangu wangepata nafasi ya kusafiri.

Mwanangu, miezi miwili kabla yake mama alikuwa ameniambia kwenye simu, "Wiki hiyo ni giza, baba."

Nikacheka. "Mama, kanisani si umeme upo!"

Mama akasema, "Haya," kisha akaniuliza kama ninakula vizuri.

Nimezaliwa Kibirizi, pale dagaa wanapoanikwa. Nilijua tangu utotoni kwamba mwezi ukiwaka, taa za wavuvi haziwavuti dagaa. Mitumbwi hupumzika na watu huoana. Mwezi ukipotea, hilo ndilo giza. Wanaume hukesha ziwani, wanawake huanika tangu alfajiri. Yote hayo niliyajua. Lakini miaka ya kuhamahama, leo Mpanda, kesho Dodoma, ilinifikisha mahali nasikia "giza" nawaza taa.

Leokadia aliomba kitu kimoja tu: mjomba Ladislaus, aliyetulea baba alipofariki, amshike mkono na kumwingiza kanisani. Na mjomba alikuwa nahodha. Asipotoka yeye, mtumbwi hautoki, na familia saba zinazoutegemea hazina wiki nyingine ya kuvua mwezi ule. Alisema atatoka, na asubuhi atawahi kurudi.

Asubuhi ya Jumamosi upepo ukamzuia. Saa nne tulikuwa mlangoni mwa kanisa, mjomba hayupo. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu, padri alikuwa na ndoa mbili nyingine baada yetu, na gari la bibi harusi wa pili lilikwishafika, linapiga honi.

"Twende, nitakushika mimi," nikamwambia Leokadia.

"Wewe umeshuka kwenye treni juzi," akajibu bila kupandisha sauti. "Namsubiri mjomba."

"Na padri?"

"Awafungishe hao wengine. Mimi nipo hapa hapa."

Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Ujiji asiyejua kunong'ona, akasema, "Bwana harusi anamsubiri bibi harusi, bibi harusi anamsubiri mvuvi. Sasa pilau linamsubiri nani?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Bodaboda ikaingia. Mjomba akashuka na koti juu ya sweta la kuvulia, suruali mbichi hadi magotini, magamba ya samaki yamemganda mikononi. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipofanya jambo ninaloliona aibu mpaka leo. Niliwatazama wenzangu wa ofisini, niliowakalisha benchi la mbele, nikamnong'oneza mjomba, "Kanawe kwanza. Halafu ukishamwingiza, ukae nyuma kidogo."

Akanitazama. "Ulipopanga harusi hii, uliangalia mwezi gani?"

"Wa nane, mjomba."

"Huo ni wa ukutani," akasema, akampa Leokadia mkono. Glovu yake nyeupe ikashika magamba. Hakuyafuta.

Walipofika mbele, mwenzangu Beatus alisimama bila kuambiwa. "Kaka, hapa pana mwenyewe," akaniambia, akawatoa na wale wawili. Walisimama nyuma hadi mwisho wa ibada.

Kwa hiyo nisikilize, na hili silipunguzi. Ukiwa mwenyeji, kabla ya kuuliza ukumbi una nafasi lini, uliza watu wako wana nafasi lini. Anza na wale ambao bila wao hakuna harusi. Sikukuu ya ofisini si mapumziko ya kila mtu. Mvuvi ana yake, na mkulima wa kahawa Kalinzi ana yake. Mama akikwambia neno moja kwa sauti ndogo, muulize tena. Ukiwa mgeni, kusafiri siku mbili hakukupi kiti cha mbele. Wahi, uliza ukae wapi, usiongozane na watu ambao hawakualikwa, na mwenye kiti akifika, simama.

Mimi Kigoma niliiaga kabisa miaka michache baadaye, tulipokwisha kumzika mama. Safari hiyo sikuangalia kalenda. Nilimuuliza mjomba niondoke lini, akasema, "Subiri siku nne." Nikasubiri. Mwezi ukajaa, mitumbwi ikapumzika, na stesheni wakaja wote: mjomba kwenye koti lake la sikukuu, Leokadia na mumewe, mtoto mgongoni. Mjomba akaniwekea mkono kichwani mbele ya abiria, akaniombea. Nami nakuombea vivyo hivyo, mwanangu: Mungu akupe watu, na akujalie kuijua siku wanayoweza kuja.