Sista Kijiko, Aliyewalisha Watoto Wangali Tumboni

Alizaliwa katika mwaka wa pili wa ukame, miezi miwili kabla ya wakati, katika chumba cha nyuma cha baba yake, fundi cherehani. Mama yake alikuwa ameibeba mimba hiyo kwa uji mwepesi, mara moja kwa siku, maana kidogo kilichopatikana aliwapakulia kwanza wakwe zake na watoto wakubwa. Pacha wake hakuiona jioni. Yeye alikuwa mdogo kiasi kwamba paroko alimbatiza palepale, amefungwa katika mabaki ya vitambaa. Akakua akimsikia mama yake akijilaumu: laiti angekula.

Alipotimiza miaka ishirini na mmoja aliingia utawani, akasomea ukunga, akatumwa kwenye zahanati ya parokia karibu na kiwanda cha matofali. Huko mizani ilimsikitisha: watoto wengi walizaliwa bila kufikisha kilo mbili na nusu. Akaanza kumuuliza kila mjamzito jana yake amekula nini, na wengi waliinamisha macho. Akawaombea unga, maharage na mafuta, wakaenda navyo nyumbani, lakini watoto waliendelea kuzaliwa vilevile. Alipowatembelea alielewa: mama aliwapakulia wote, yeye akabaki kukwangua sufuria. Basi akawasha jiko nyuma ya zahanati, wale hapohapo, naye akizunguka na kijiko kikubwa cha kuongezea. Ndipo wakampachika jina la Sista Kijiko, naye akalicheka na kuliitikia.

Majaribu hayakukawia. Mama mkwe wa mwanamke mmoja dobi alipeleka malalamiko kwamba sista anawafundisha wake za watu kula kwa kujificha. Mama Mkuu wa shirika akaamuru jiko lizimwe. Alitii bila kunung'unika, ingawa moyo ulimuuma, hasa dobi huyo, mwenye mimba ya miezi sita, alipozirai kwenye foleni ya zahanati. Tangu siku hiyo sista aliifunika sahani yake ya mchana na kutoka nayo. Wiki ya tatu Mama Mkuu alimuuliza kwa nini hali.

“Mama, uliniamuru nizime jiko, nimezima,” alijibu kwa upole. “Hukuniamuru nile. Sahani hii ina mwenyewe, na mwenyewe ana mwenziwe tumboni.”

Kesho yake Mama Mkuu aliibeba sahani ile mwenyewe, akamwona dobi alivyokonda, akarudi akaagiza kuni.

Mama mkwe alipokuja kugomba, sista alimpisha kitini, akamuuliza amezaa wangapi. Tisa, alisema, na walio hai ni wanne. Sista hakumhubiria. Alimpakulia. Yule mama alikula taratibu kando ya mkwewe, kisha akasema, “Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini.” Tangu hapo alimleta dobi mwenyewe kila siku, na mtoto alizaliwa na kilo tatu kamili.

Si watoto wote walipona. Kwa waliofiwa, sista alikuwa na neno moja, lile alilomwambia mama yake mzazi uzeeni: “Hukumnyima mwanao. Mlinyimwa nyote wawili.” Inasemekana mama huyo alilisikia, akalia, na usiku ule akalala usingizi mzuri.

Sista alifariki asubuhi moja ya mwezi wa nane, akiwa na miaka sitini na minane, ameketi katika benchi la wajawazito akingoja maharage yaive. Dobi anashuhudia kwamba mwaka wa mafuriko, barabara ilipokatika, sufuria moja iliwashibisha wanawake arobaini na wawili na bado ikabaki na chakula. Kanisa halijalitolea tamko jambo hilo, nasi tunalisimulia kama tulivyolisikia.

Jiko lake linawaka hadi leo. Lakini anayetaka kumwiga hahitaji jiko jipya wala ruhusa ya shirika. Leo hii, nyumbani mwake, ampakulie mjamzito kwanza, akae naye, na asiinuke mpaka amemwona ameshiba.