Shingo ya Sweta la Jaladani

Mhariri wetu huchokonoa masikio kwa sindano ya kroshia. Hupenda ile nyembamba, yenye kulabu ndogo. Huchokonoa huku akisoma barua za wasomaji, kisha huitazama ncha, huipangusa kwenye suruali na kuirudisha kwenye kopo pamoja na nyingine. Na humo koponi ndimo zinamotoka zawadi za washindi wa mashindano. Mimi ndiye ninayefunga bahasha. Miaka yote nimekuwa nikizipitisha bombani kimyakimya, nazisugua kwa sabuni mara mbili, ndipo nazituma kwa mama wa watu. Kumwambia aache sikuweza. Mimi si msemaji. Nikijikaza sana husema "sawa".

Nimeanza naye ili mjue dada yangu alifanya kazi na mtu wa namna gani.

Jarida letu ni la ufumaji, kurasa ishirini na nne, hutoka mara nne kwa mwaka. Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na harufu ya mpira na grisi hupanda ngazi pamoja nawe. Kazi yangu ni kukunja karatasi, kuzibana kwa stepla na kupeleka posta. Dada, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka tisa, alikuwa mjaribu. Kabla ya hapo alikagua makwapa ya masweta ya shule kiwandani, miaka kumi na minne, hadi kidole chake cha shahada kikapinda na hakikunyooka tena. Wenzake walimwita Fumua, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolisema zaidi kuliko salamu. Aliona kosa, alisema, "Fumua." Hakugomba, wala hakueleza mara mbili.

Kujaribu kwenyewe kulikuwa hivi. Mtu akileta maelekezo ya kofia au sweta, dada aliikunja karatasi ili picha isionekane, akanipa nimsomee mstari kwa mstari, naye akafuma anachokisikia. Nikikwama, aliweka alama.

"Wewe umeishia shule ya msingi," aliniambia. "Ukielewa wewe, hakuna atakayeshindwa."

Sikuudhika. Nilijiona nina kazi ya maana.

Kikipita kwake kitu, chini ya ukurasa kiliandikwa: Yamejaribiwa na Fumua. Basi. Nimeona barua za wanawake wanaosema kwamba huanza kutazama hapo chini, ndipo watazame picha.

Mwaka jana mke wa mhariri alibuni sweta la mtoto mchanga, la manjano, lenye vifundo kifuani. Nilimsomea dada, akafuma, tukaenda kumjaribishia binti wa jirani mwenye miezi saba. Sweta lilifika kwenye paji la uso likagoma. Mtoto akalia mpaka akawa mwekundu, mama yake akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyekitengeneza kile kichwa. Dada akahesabu shingo: mishono hamsini na sita. Ilitakiwa isipungue themanini. Akaandika kwa penseli nyekundu, "Kichwa hakipiti," akarudisha karatasi. Mhariri akasema, "Nimekupata, dada mkubwa."

Wiki tatu baadaye karatasi zikaja kutoka kwa mchapaji, nakala mia sita, bado hazijakunjwa. Jaladani mtoto mnene amevaa sweta la manjano, anacheka. Nikatafuta ukurasa wa tisa. Hamsini na sita. Na chini yake: Yamejaribiwa na Fumua.

Niliondoka na karatasi moja, nikaiweka mbele ya dada. Aliisoma, akavaa viatu.

"Amepitaje?" akauliza alipofika tu mlangoni.

"Nani?" mhariri akasema, sindano i sikioni.

"Mtoto wa jaladani. Kichwa chake kilipitaje?"

"Dada mkubwa, si unamwona anacheka? Angebanwa angecheka?"

Dada akafungua kabati akalitoa sweta lenyewe. Mbele lilikuwa zuri. Akaligeuza. Nyuma ya shingo zilikuwa zimepangwa pini nane, akazichomoa. Akashika ncha ya uzi, akavuta, kama alivyovuta maishani mwake maelfu ya mara. Uzi haukuja. Kilitoka kipande kifupi, kikaanguka. Akavuta tena, kipande kingine. Vikajaa sakafuni kama nywele kwa kinyozi.

"Umelikata."

"Kidogo, huko nyuma. Mpiga picha alikuwa na haraka."

"Umelikata kwa mkasi."

"Ulitaka nilikate kwa meno? Mama watoto amehangaika nalo miezi miwili, nikamwambie halifai? Kalale wewe kwangu usiku huo!"

Dada hakucheka. "Weka kikaratasi ndani, waambie mishono ni themanini."

"Jalada zima tulitie aibu?"

"Basi toa jina langu."

"Jina ndilo wanaloliamini."

"Na wakishindwa?"

Mhariri akaichomoa sindano, akaitazama ncha. "Wakishindwa watadhani wamekosea wao. Wale hujilaumu wenyewe."

Akaipangusa kwenye suruali.

Sijawahi kuona uso wa dada ukiwa vile, kama mtu aliyeuma tunda akakuta nusu funza. Alivuta kiti, akachukua kalamu nyeusi, akavuta karatasi ya kwanza akapiga mstari mzito juu ya jina lake. Akachukua ya pili.

"Unaharibu jarida la watu!"

"Nafuta langu. Lako liko ukurasa wa kwanza, sijaligusa."

"We bwana, mwambie dada yako!"

Alikuwa akisema nami. Nilitafuta mezani, nikapata kalamu nyingine, nikakaa upande wa pili wa rundo. Mia sita zilituchukua mchana kutwa na asubuhi iliyofuata. Mhariri hakutuzuia, kwa sababu mkunjaji ni mimi na yeye stepla haijui.

Dada hakurudi tena. Mimi nipo, nina watoto wa kusomesha. Siku hizi chini ya kurasa huandikwa "Yamejaribiwa" bila jina la mtu, na kila nikilisoma neno hilo natamani kutema mate.

Barua zilikuja. Wengi waliuliza kwa nini Fumua amefutwa, wakasema sweta hawakuligusa. Mmoja alikuwa amelifuma. Mhariri aliisoma barua yake kwa sauti: halimwingii mwanangu, nimefumua mara nne, naona kuna mahali nakosea, naomba mnisamehe kwa usumbufu.

"Si nilisema?" akacheka.

Niliitoa barua ile jalalani, nikampelekea dada. Alijibu palepale, kwa mistari mitatu, kidole kilichopinda kikibana kalamu: "Hukukosea wewe. Fumua shingo tu, usiguse mwili. Anza upya na mishono themanini."

Chini akaandika jina lake. Nikalifunga jibu lile na sindano mpya ya kroshia niliyoinunua dukani mwenyewe, ambayo haijawahi kukaa koponi.