Laini Mbili Kwenye Nguzo Moja

Ukipanda juu ya jumba lolote la kupanga karibu na Spine Road, Kayole, utaona waya nyeusi zimefungwa kwenye matangi ya maji na kuvuka njia hadi jumba la pili. Nyingi ni za Luseno. Alizivuta mwenyewe, akiwa na ngazi ya kuazima. Luseno hununua intaneti kwa jumla kutoka kwa kampuni kubwa, kisha huisambaza kwa wapangaji, kwa vinyozi, kwa mafundi wa nguo. Kwa hivyo kazi yake yote imesimama juu ya uamuzi mmoja: ni kampuni gani itamletea faiba, waya wa intaneti, isiyokatika.

Mwaka jana, wateja walipochoka kukatikiwa, aliwaahidi laini ya pili kutoka kampuni nyingine, ili moja ikizimika nyingine ishike. Walikuja mawakala wawili. Wa kwanza, Matheka, hakutaka hata chai.

"Kabla hujaweka sahihi, twende tutembee," alisema. "Nikuonyeshe waya wetu unapita wapi, kuanzia hapa hadi kituo chetu. Mwingi uko chini ya ardhi."

Wa pili alikuwa Mzee Shiundu, mzee wa kanisa analosali Luseno na mwenyekiti wa kikundi cha watu wa nyumbani, kile kinachokutana mtu wao akifiwa. Yeye alikunywa chai, akafunga kikao kwa sala.

"Huyo Mkamba anataka kukutembeza juani kama mbuzi wa mnada?" alisema Shiundu. "Mimi nimekupa neno langu. Waya wetu haupiti njia moja na ule ulio nao. Au unataka kunipima kwa futi?"

Luseno alicheka, akatia sahihi kwa Shiundu. Hakwenda kuangalia. Kwao, kulikagua neno la mzee ni kumwita mwongo mbele ya watu, na Luseno alitaka sana kuonekana mtoto mwenye adabu. Adabu ya namna hiyo ni woga uliovaa suti.

Baada ya wiki chache alikuwa amepanda ngazi karibu na kona ambapo malori ya kokoto hupinda. Akainua macho. Laini yake ya zamani na laini ya Shiundu zilikuwa zimening'inia kwenye nguzo moja, zimefungwa pamoja. Alielewa papo hapo. Nguzo hiyo ikianguka, zote mbili zimekwenda. Alishuka, akabeba ngazi, akaenda zake. Jumapili, wakati wa matangazo, Shiundu aliwaambia waumini kwamba kijana wao sasa ana laini mbili, na Luseno alisimama akapunga mkono.

Kisha Triza akafa kule Butere. Dada yake, Mama Nasike, anaishi jumba analohudumia Luseno, na alikuwa amevunjika nyonga, hangeweza kusafiri. Mpwa wao angerusha mazishi moja kwa moja kwa simu, na Mama Nasike angeyatazama akiwa kitini. Luseno alikuja kumtayarishia simu.

"Itashika kweli?" Mama Nasike aliuliza. "Mimi na Triza tulilala kitanda kimoja hadi nilipoolewa. Nataka kumwona uso tu."

"Nina laini mbili, Mama. Wewe usiguse kitu. Keti tu utazame."

Akina mama wa kikundi walijaa chumbani. Jeneza lilipofunguliwa, Mama Nasike alisahau alivyoambiwa. Alinyoosha kidole, akaugusa uso wa dada yake juu ya kioo cha simu. Picha ikaganda, ikapotea.

Luseno alikimbia hadi kwenye kona. Lori lilikuwa limeigonga nguzo, na waya zote mbili zilikuwa zimelala matopeni. Aliporudi, kaburi lilikuwa limefukiwa, na mpwa hakuwa amehifadhi picha yoyote.

"Nimeharibu, mwanangu," Mama Nasike alimwambia. "Uliniambia nisiguse."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kusema ukweli. Luseno alisema, "Usijali, Mama."

Maneno hayo hayana uongo ndani yake ukiyachukua moja moja. Lakini yalimwacha mjane mgonjwa akiamini kwamba kidole chake ndicho kilichomnyima kumwona dada yake, na aliyeyasema alijua hivyo.

Habari ikaenea kwamba kidole cha Mama Nasike ndicho kilichozima mazishi. Kikundi kilipokutana kwa Mama Nasike kumpa pole, simu yake ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Hakuipokea tena; majirani ndio waliowapigia wanawe kwa niaba yake. Ayuma, mcheshi wa kikundi, alipompa kikombe alisema, "Shika na kitambaa, Mama Nasike, chai isije ikazimika."

Wakacheka. Mama Nasike naye akacheka, akavificha vidole vyake chini ya leso.

Luseno aliviona vile vidole. Akaweka kikombe chini, akasimama.

"Si yeye," alisema. "Ni nguzo iliyoanguka. Laini zangu zote mbili zilikuwa kwenye nguzo hiyo moja, na nilijua. Nilijua kabla Triza hajafa."

Mzee Shiundu alikohoa. "Luseno, hayo tungeyazungumza mimi na wewe nje."

"Mwache," alisema Mama Nasike. "Ni mimi ninayechekwa, Mzee, si wewe." Alimgeukia Luseno. "Siku zote hizi ulikuwa ukipanda ngazi za jumba hili, ukinisalimia mlangoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ukinisikia nikijilaumu?"

"Nilikusikia."

"Hizo waya bado ziko pale pale?"

"Waliisimamisha nguzo, wakazirudisha."

"Basi usisimame hapa kuniomba msamaha. Kuna mwingine atafiwa kesho."

Hakumpa mkono. Luseno alitoka akiacha chai yake, na asubuhi akampigia Matheka.

Walitembea kutoka Kayole hadi kituo cha kampuni ya Matheka, wakifungua kila kifuniko cha shimo ambamo waya unapita. Luseno alipiga magoti kila mara kuangalia kwa macho yake, na suruali ikawa tope tupu.

"Mwaka jana nilikwambia tutembee," alisema Matheka. "Uliogopa jua?"

"Niliogopa mzee."

Matheka hakucheka. Alimshikia kifuniko cha shimo lililofuata.

Sasa laini ya zamani iko juu, na ya Matheka, iliyochukua nafasi ya ile ya Shiundu, iko chini, na kanisani Luseno hukaa viti vya nyuma. Mama Nasike ameanza kupokea simu yake. Luseno akipita mlangoni humsalimia, naye huitikia salamu. Hajawahi kumkaribisha ndani.